Nyundo Zilale

Inasimuliwa, nasi tunaisimulia kwa fahari kwa kuwa hao wanaotajwa ni watu wetu kwa imani, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani palikuwa na soko la mafundi shaba ambalo kelele zake zilivuka lango la mji. Wageni waliokuja na misafara walilisikia soko kabla ya kuuona mji. Alfajiri ikishaswaliwa nyundo zilianza, na hazikunyamaza ila kwa adhana. Masufuria ya harusi, masinia, mabirika ya kutawadhia, madeste ya kuogeshea watoto, vyote vilizaliwa pale kwa kugongwa.

Watu wa soko lile, Mola awarehemu, walikuwa na namna yao ya kuishi. Hawakuitana kwa majina wakiwa kazini, maana jina lingepotea njiani kabla halijafika. Mtu aliguswa bega. Walisemezana kwa mikono, na kila ishara ilikuwa na maana yake. Kiganja kikielekezwa chini, hiyo ni kusema weka nyundo. Ngumi ikiwekwa kifuani, hiyo ni kusema nimekosa, niwie radhi. Mtoto wa fundi alizijua ishara hizo kabla hajaijua hesabu.

Tena walikuwa na desturi moja ambayo sijasikia mfano wake katika masoko mengine. Sheikh wa soko akitaka kumwonya fundi, au kuamua kati ya waliogombana, hakumpigia mtu kelele. Alisimama katikati ya soko, penye kisima, akanyoosha mikono yote miwili viganja chini. Aliyekuwa karibu naye akailaza nyundo yake juu ya fuawe. Jirani akaona, naye akailaza ya kwake. Kimya kikatembea duka kwa duka mpaka langoni, na kilipofika huko ndipo Sheikh aliposema lake, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkewe. Desturi hiyo waliiita "nyundo zilale". Aliyeianzisha ni Sheikh Hanzala bin Rafii, aliyeliongoza soko mpaka mvi zikamjaa, na kila mtu aliamini kwamba aliianzisha ili asikike. Sababu yake hasa ilijulikana na mkewe tu, Bibi Umaima, na yeye hakuwahi kuulizwa.

Sheikh Hanzala alipofariki, mafundi walishindwa kumchagua mmoja wao. Kila duka lilimtaka mtu wake, na kila mtu alikuwa na sababu arobaini. Mwishowe wazee walikubaliana wamlete mtu wa nje, asiye na upande, na jina lililotajwa lilipokewa na wote bila ubishi. Alikuwa Sabiti bin Wahbi, muuza marashi.

Huyu bwana alikuwa mpole wa kupigiwa mfano. Katika soko la marashi watu hunong'ona, kwani ukipaza sauti pale unaonekana kana kwamba umekuja kuharibu harufu, na hata miongoni mwa wanong'onaji hao Sabiti alisifiwa kwa utulivu. Paka wa mtaa mzima walikuja kulala juu ya mkeka wake. Mafundi shaba nao walimfahamu, maana mitungi yake ya kuchemshia maua ya waridi ilitengenezwa kwao, katika duka la fundi mmoja aitwaye Nuaimu, mtu mkimya, mwaminifu, ambaye kazi yake ilikuwa haivuji.

Sabiti alipopewa usheikh wa soko alisujudu, kisha akawaambia wazee, "Naogopa mambo mengi katika kazi hii, ila hasira siiogopi. Hasira sina. Hapo Mungu amenitosheleza." Wekeni neno hilo pembeni, ndugu zangu. Tutalihitaji.

Haukupita muda, liwali akaagiza vyombo vya maji kwa ajili ya msafara wa mahujaji. Njia ya kwenda Makka ni ndefu na jangwa halina huruma, na Sheikh Sabiti, mcha Mungu kama alivyokuwa, aliichukua kazi ile kama ibada. Akilini mwake aliona midomo ya mahujaji imekauka. Basi siku ya kwanza alipotaka kumwonya fundi mmoja, akaona nyundo za soko zima zimelala kwa kosa la mtu huyo mmoja, alisikitika sana.

"Kwa nini mikono yote isimame?" akamwambia naibu wake, Bwana Ghalibu. "Mwenye kosa nitamfuata dukani kwake, nimwambie mwenyewe. Wengine waendelee na kazi."

Bwana Ghalibu, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kukubali na wa mwisho kufikiri, akasema hilo ni jambo la busara. Na kusema kweli, lilionekana la busara. Nia ya Sheikh ilikuwa safi kabisa. Tangu siku hiyo nyundo hazikulala tena.

Sasa mtieni muuza marashi katikati ya kelele zile. Alimfuata fundi dukani, akanong'ona kama alivyozoea, fundi hakusikia neno. Akasema kwa nguvu kidogo, hakusikia. Akapaza sauti, fundi akasikia nusu na kufanya kinyume. Siku za mwanzo alirudi nyumbani sauti imemkauka, na mkewe akimchemshia tangawizi na asali. Kisha koo lake likazoea. Na sauti ikipanda, ndugu zangu, haipandi peke yake. Macho hutoka, mishipa ya shingo husimama, mkono nao huinuka kuisaidia. Mwili ukishajipanga hivyo, hasira ikija huikuta nyumba imekwisha kufagiliwa, ikakaa.

Mkewe alikuwa wa kwanza kuiona. Aliombwa maji kwa sauti iliyowaamsha majirani. Msikitini Sheikh aliitikia salamu, njiwa wakaruka darini. Siku moja alipita soko la marashi kuwaona wenzake wa zamani, akamuuliza mmoja wao habari za mgonjwa wake, na yule mtu akarudi nyuma hatua, chupa mkononi, akidhani anagombezwa. Waliangaliana. Sheikh akacheka, akasema ni mafua.

Yeye mwenyewe hakujiona. Hilo ndilo la kustaajabisha, na ndilo ninalotaka tulitie akilini. Kila alipomkaripia mtu alijiambia, "Mimi ni mpole, watu wote wanajua. Nikifika mahali pa kukaripia, basi kosa la huyu ni kubwa mno." Upole wake wa zamani ukawa shahidi wa ukali wake wa sasa. Mafundi wakaanza kumwogopa. Chombo kikiharibika, zamani kilipelekwa kwa Sheikh ili kipatiwe dawa, sasa kilifukiwa chini ya makaa. Bwana Ghalibu akasugua mikono akasema, "Sasa soko lina mwenyewe."

Ndipo likatokea la Nuaimu.

Asubuhi moja Nuaimu alikuwa akigonga deste kubwa la msafara. Sheikh Sabiti akapita, akaona ukingo umekuwa mwembamba, na shaba nyembamba hupasuka njiani. Akasimama mlangoni. "Ukingo!" akapiga kelele. "Pasha moto tena!"

Nuaimu akainua kichwa, akamwona Sheikh, na badala ya kumtazama akamgeuzia shavu. Sheikh akarudia kwa nguvu zaidi. Nuaimu akazidi kugeuka, mpaka uso ukaelekea ukutani.

Damu ikamchemka Sheikh. Kwa wauza marashi, kumgeuzia mtu shavu anaposema nawe ni dharau isiyo na dharau juu yake. "Nakusemesha, unanitazamisha kisogo?" akanguruma. Hapo Nuaimu akageuka, akaona ule uso uliowaka, akaiweka nyundo chini, akaikunja ngumi, akaiweka kifuani.

Na Sheikh Sabiti, aliyeongoza soko lile kwa kupiga kelele na kwa hiyo hakuona haja ya kujifunza lugha ya mikono, aliona ngumi tu. Akadhani ameonyeshwa ngumi. Akalishika jungu la maji lililokuwa pale, akalimimina juu ya tanuri.

Ndugu zangu, katika soko lile tanuri kumwagiwa maji lilikuwa jambo zito kuliko kupigwa. Moto wa fundi ukizimwa na Sheikh, hauwashwi ila na Sheikh, na mpaka auwashe hapana mtu wa mji ule ampaye kazi. Adhabu hiyo ilijulikana ni ya kosa moja, nalo ni kuchanganya madini ya risasi katika shaba, yaani kuwapikia watu sumu. Majirani wa Nuaimu hawakusikia lililosemwa, maana nyundo zilikuwa zikigonga. Walichoona ni maji yakimwagwa, na kabla yake Nuaimu akiweka ngumi kifuani. Kwao, hiyo ilikuwa ni kukiri.

Kabla ya adhuhuri mji wote ulijua kwamba Nuaimu anatia risasi. Akina mama walitoa masufuria yake jikoni wakayaweka nje ya milango. Wengine walimrudishia mpaka nyumbani, wakayaacha barazani bila kubisha hodi. Mtu aliyetengeneza vyombo vya nusu ya harusi za mji ule akawa anapita njiani watu wakinyamaza. Naye hakulalamika, hakushtaki kwa kadhi, hakwenda kwa liwali. Alikaa nyumbani kwake, akasali, akasubiri.

Sheikh Sabiti naye hakuutuliza uvumi, kwa kuwa haukumfikia. Nani angethubutu kumwambia? Alisikia tu kwamba watu wamekubali hukumu yake, akaona vyema.

Nyumba ya Bibi Umaima, mjane wa Sheikh Hanzala, ilipakana na soko, ukuta kwa ukuta. Bibi huyu alikuwa amezeeka na sauti yake imekuwa nyembamba, lakini ulimi wake ulikuwa bado umenolewa. Siku chache baada ya tukio lile alimwita Sheikh Sabiti. Sheikh akaenda kwa heshima, akakaa uani juu ya mkeka, akaletewa tende na maziwa.

"Mwanangu," akasema Bibi Umaima, "nimeishi na ukuta huu tangu nilipoolewa. Nilizoea kusikia kimya mara kwa mara, nikajua kuna mtu anaonywa. Tangu mume wangu atangulie nimekisikia mara moja tu. Je, hamkosei siku hizi?"

Sheikh akamweleza habari za msafara, na mahujaji, na mikono isiyopaswa kusimama. Akamweleza kwa ufasaha.

Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mbona unanipigia kelele, mwanangu? Shaba ya nyuma ya ukuta huu yanitosha, nawe umeniletea nyingine uani."

Sheikh akajisikia, labda kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi ile, jinsi sauti yake ilivyokuwa bado inalia katika kuta.

"Niwie radhi, mama," akasema, na safari hii ilimgharimu juhudi kusema taratibu. "Mimi nilikuwa mtu mpole."

"Najua. Ndiyo maana walikuchagua. Sasa nikuambie la mume wangu, maana ameshakwenda mbele ya Mwenye kujua yote, halimdhuru. Hanzala wangu alikuwa mkali kama pilipili. Kabla hajawa sheikh aliwahi kumrushia mtu koleo la moto, likamkosa kwa rehema ya Mungu. Usiku alilia. Walipompa usheikh aliniambia, 'Umaima, kelele za mahali pale zitanimaliza, nitakuja kuua mtu.' Ndipo akabuni nyundo zilale. Watu walidhani anangoja kimya kifike langoni. Alikuwa anangoja hasira yake ishuke. Kimya kikifika langoni, naye anakuwa amekwisha kuimeza." Akashusha pumzi. "Yeye alijijua ana hasira, akajijengea ukuta. Wewe ulijijua ni mpole, ukalala mlango wazi."

Sauti ya bibi ilikuwa imeshuka mno katika maneno hayo ya mwisho. Sheikh Sabiti alijiinamisha ili asipitwe na neno. Bibi Umaima akamtazama, kisha akacheka kicheko cha kizee, mkono mdomoni.

"Kumbe umeshakuwa fundi shaba kamili. Umenigeuzia shavu."

"Nimekugeuzia nini, mama?"

"Shavu. Unatazama ukuta, mimi niko huku."

Sheikh akainua mkono, akaigusa shingo yake, akaikuta kweli imepinda. Mwaka mzima wa nyundo ulikuwa umemwibia sikio la kulia bila kumuaga, na mwili wake ulikuwa umejifunza wenyewe kutoa lile lililosalia.

"Sikukudharau, mama," akasema haraka. "Nilikuwa nakusikiliza..."

Hapo akaliona tena akilini mwake deste kubwa, na ukingo mwembamba, na mtu mkimya akigeuka kuelekea ukutani, tena akizidi kugeuka kila aliposemeshwa kwa nguvu, kwa kuwa alikuwa akitafuta kusikia. Rangi ikamtoka.

"Na ngumi, mama?" akauliza kwa sauti ya chini kabisa. "Fundi akikuwekea ngumi hapa, kifuani?"

"Hiyo ni kuomba radhi. Hanzala aliniomba hivyo hata hapa nyumbani, akisahau kwamba mke wake ana masikio."

Inasemekana Sheikh Sabiti aliacha tende zote sahanini.

Akamwita Bwana Ghalibu, akamweleza. Naibu akakuna kidevu, akapata suluhisho, maana watu kama yeye hawakosi suluhisho. "Jambo dogo hili, Sheikh. Kesho mwambie Nuaimu arudi, tuwatangazie watu kwamba umemsamehe. Yeye atapata moto wake, wewe utasifiwa huruma, na kazi ya msafara haitasimama hata kidogo. Ukisema ulikosea, nani atakutii tena? Wale ni watu wa nyundo."

Na hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Neno "nimemsamehe" lilikuwa tamu. Lilikuwa fupi, tena lenye harufu ya dini. Lakini Sheikh Sabiti alikuwa mtu wa marashi, na aliyezoea marashi hujua pale mafuta mazuri yanapotumika kufunika kitu kilichooza. Mtu husamehewa alichokifanya. Akisema amemsamehe, atakuwa amemgongea Nuaimu mpaka kaburini kosa ambalo hakulifanya.

"Sitamsamehe," akasema. "Sina cha kumsamehe."

Jioni ile ile, kabla ya magharibi, akaenda kwa Nuaimu. Barazani akapita katikati ya masufuria yaliyorudishwa, yamepangwa vizuri kama yanayongoja kuuzwa, na hapo ndipo alipojua mji ulisema nini. Nuaimu akamfungulia, akamkaribisha, akamgeuzia shavu lake la kushoto. Hakuuliza kwa nini amezimiwa moto wala lini utawashwa. Aliuliza jambo moja tu.

"Sheikh, kosa langu lilikuwa lipi? Sikukusikia siku ile. Nimekaa hapa namwomba Mungu anisamehe, ila naona haya kumwomba nisilolijua."

Sheikh Sabiti, Mungu amrehemu, alilia mbele ya mtu yule bila kujificha. Alipoweza kusema alisema, "Njoo sokoni kesho, ndugu yangu. Swali hilo nitalijibu mbele ya wote walioona."

Kesho yake jua lilipopanda, soko likiwa katika kelele zake zote, mafundi wakamwona Sheikh amesimama penye kisima. Mkononi alikuwa na chetezo chake cha zamani, kile alichofukizia udi dukani kwake. Akakiweka chini. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja chini.

Fundi wa karibu alikuwa mzee. Aliitazama ile mikono kwanza, kana kwamba anaona mtu aliyekuwa safarini amerudi, kisha akailaza nyundo yake kwa taratibu sana. Jirani akaona. Kimya kikaanza kutembea. Mjumbe wa liwali, aliyekuja kuhesabu vyombo, akamgeukia Bwana Ghalibu kwa hasira. "Mnaacha kazi na msafara u karibu?" Na Ghalibu, sijui nini kilimgusa, labda ni kile kimya chenyewe, akajibu kwa sauti ndogo, "Hatujaacha kazi, bwana. Hii ndiyo kazi yetu." Ni neno jema pekee lililopokewa kutoka kwake, nasi hatumnyimi.

Kimya kilipofika langoni, Sheikh Sabiti akasema. Alisema kwa sauti ya muuza marashi, na hapakuwa na mtu asiyemsikia.

"Enyi mafundi, nilimzimia moto ndugu yetu Nuaimu. Hakutia risasi. Hakufanya kosa lolote. Aligeuza shavu anisikilize, nikaona dharau. Aliweka ngumi kifuani aniombe radhi kwa kosa asilolijua, nikaona vita. Niliwaambia wazee wenu kwamba mimi sina hasira. Nilisema uongo bila kujua. Sikuwa na hasira kwa sababu nilikuwa nakaa mahali pasipo na sababu ya hasira. Nilipofika hapa niliiondoa desturi iliyomlinda mtu bora kuliko mimi, na mahali hapa pakanibadilisha nikiwa sijitazami. Nuaimu, uliniuliza kosa lako. Hili ndilo jibu."

Kisha akaikunja ngumi yake, akaiweka kifuani. Haikuwa imekaa sawasawa, maana ndiyo kwanza anajifunza, lakini soko zima lilisoma.

Nuaimu alikuwa amesimama mbele ya duka lake na shavu limegeuka. Taratibu akaurudisha uso, akamtazama Sheikh machoni. "Sheikh," akasema, "leo nimekusikia."

Hapo Sheikh akakiokota chetezo, akachukua makaa yake yaliyowaka, akayatia katika tanuri la Nuaimu, akapuliza mwenyewe mpaka majivu yakamjaa ndevuni. Moto ukashika. Wanasimulia kwamba duka la Nuaimu lilinukia udi mpaka alasiri, na wake wa mji walipokuja kuchukua tena masufuria yao barazani kwake, kila mmoja aliona haya kuwa wa kwanza, basi wakaja wote pamoja.

Vyombo vya msafara havikutimia vyote. Hilo tuliseme pia, tusije tukafanya hadithi iwe nzuri kuliko watu wake. Vilivyopungua mafundi walivitoa majumbani mwao, na deste la Nuaimu, lenye ukingo uliopashwa moto upya, lilikwenda Makka na kurudi bila ufa.

Tangu hapo Sheikh Sabiti aliirudisha nyundo zilale, akaongeza jambo moja ambalo hata Sheikh Hanzala hakulifikiria. Alimruhusu fundi yeyote, hata wa duka la mwisho langoni, akimwona Sheikh sauti yake inapanda, amwelekezee kiganja chini. Na akielekezewa, ananyamaza palepale, hata kama yuko katikati ya neno. Inasemekana mzee mmoja alifanya hivyo mbele ya liwali mwenyewe, na liwali akashangaa kumwona kiongozi wa soko anamezeshwa neno na mtu mwenye masizi usoni. Alipendekeza wapewe sheikh mwingine, mwenye nguvu. Mafundi walikataa kwa kauli moja. "Nenda masoko mengine yote," wakamwambia, "uwaulize kama sheikh wao aliwahi kuwaomba radhi kwa lugha yao." Walitembea kifua mbele kwa jambo hilo maisha yao yote, na watoto wao baada yao. Nami siwalaumu. Iko fahari isiyo kiburi, na ile ilikuwa ndiyo.

Basi tujitazame. Leo mtu hupewa ofisi, au darasa, au msikiti wenye kipaza sauti, akasema kama Sabiti, mimi najijua. Unajijua ulivyokuwa jana, mahali ulipokuwa jana. Umeuliza mahali hapa pamekufanyaje? Mkeo ameshakuambia, na watoto wananyamaza ukiingia, na wewe unasema ni mafua. Kuna watu waliozaliwa wakali wakafa wameacha sifa ya upole, kwa kuwa walijiwekea kizuizi na wakakiheshimu. Na kuna wapole walioharibika kwa kudhani tabia njema ni mali isiyoibiwa.

Bibi Umaima aliishi kidogo baada ya hayo. Jirani zake wamesimulia kwamba kila nyundo za soko zilipolala, na mji wote ukawa kimya mpaka langoni, aliacha alichokuwa akikifanya, akaegemea ule ukuta, akasema, "Alhamdulillahi. Sasa wanazungumza."